Tangi Lililofunikwa kwa Turubai

Kisa hiki ni kirefu kidogo kuliko vile tulivyozoea kutumiana. Ukikianza, tafadhali kimalize. Kisha umpelekee mtu mmoja tu, yule unayejua kwamba anakihitaji. Si lazima umweleze sababu.

Katika kijiji kimoja cha milimani, ambako maji hushuka kwa mfereji na watu hupanda kwa miguu, aliishi mwalimu wa ujenzi aliyestaafu. Jina lake Senkondo. Kwa miaka thelathini na moja alifundisha vijana wa chuo cha ufundi namna ya kuchanganya zege, na hakuna aliyepita mikononi mwake ambaye hakuikariri sentensi yake ya kwanza darasani: "Zege halisamehe."

Alimaanisha kwamba ukikosea kipimo leo, kesho kosa lako litakuwa jiwe, na litakutazama maisha yako yote.

Mkewe, Nakundwa, alikuwa mtu wa maabara. Kazi yake ilikuwa kupima maji na udongo, na katika miaka yake ya mwisho ya utumishi alijiunga na watafiti waliokuwa wakijaribu zege la namna mpya. Ndani ya mchanganyiko walitia bakteria waliolala, pamoja na chembe za chakula chao. Zege likishakauka, bakteria hao hubaki humo miaka mingi, hawali wala hawafi. Siku zege likipasuka na maji yakaingia katika ufa, wao huamka na kula, na wanachokiacha nyuma ni chokaa ngumu kama jiwe. Chokaa hiyo huujaza ufa kidogo kidogo, mpaka maji yanakosa njia.

Jioni aliyomweleza mumewe jambo hili, Senkondo alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Zege linalojiponya? Kesho utaniletea nondo inayojikunja yenyewe."

"Nondo nakuachia wewe, usije ukakosa kazi."

"Na hao wadudu wako, wakiamka wakakuta chakula kimeisha?"

"Watafanya kama wewe. Watauliza makande yako wapi, watanuna, kisha watalala tena."

Walicheka wote wawili. Lakini baadaye, akiosha vyombo, Nakundwa alirudi kwenye jambo lile bila mzaha.

"Mwalimu, kila mfuko wa saruji tunaoubeba kuupandisha huku umechomwa mahali fulani kwa moto mkubwa. Moshi wake umekwenda angani na haurudi. Tukijenga tangi likapasuka baada ya miaka kumi, tunachoma tena, tunabeba tena. Mimi nataka tujenge mara moja. Likiumia, lipone palepale lilipo."

"Na likivuja kabla halijapona?"

"Litavuja. Hiyo ndiyo dawa yake. Bila maji hao waliolala hawajui kama kuna ufa."

Senkondo alitikisa kichwa. Lakini alikuwa mtu wa haki, na tangi lilipojengwa ni yeye aliyesuka nondo zake.

Lilijengwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Asubuhi baragumu lilipigwa, na kila nyumba ikatoa mtu. Wanaume walipasua mawe na wanawake walipanga mstari kutoka mferejini, ndoo ikipita mkono kwa mkono. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kufaa: uwanja mdogo ulio juu ya zahanati, ili maji yashuke yenyewe bila mashine. Kabla ya hapo mama mjamzito alikwenda kujifungua akiwa na kanga zake, wembe wake mpya, na ndoo ya maji kichwani kwa dada yake.

Nakundwa hakumruhusu mtu yeyote kugusa kipimo chake. Alisimama pale siku nne, koleo mkononi, miwani imejaa vumbi. Zege lililobaki alilibeba nyumbani kwa toroli, na nyuma ya nyumba yao akamwaga sakafu ndogo ya kufulia nguo, hatua mbili kwa tatu.

"Hata hapa unatia wadudu?" Senkondo alimuuliza.

"Wewe unafikiri nitawatupa?"

Tangi lilijaa. Bomba la zahanati likatoa maji. Miaka sita ikapita hivyo.

Kisha Nakundwa aliugua wiki tatu, akafariki. Ugonjwa wake sitaueleza, kwa kuwa hauongezi kitu katika kisa hiki.

Siku ya matanga nyumba ilijaa watu. Senkondo aliketi kwenye kiti kilichowekwa sebuleni, na kila mwanamume aliyeingia alimshika bega na kumwambia neno lile lile.

"Jikaze, Mwalimu."

Alijikaza. Alijikaza vizuri, kama alivyofanya kila jambo.

Nyuma ya nyumba, shemeji zake wawili walikuwa wakiinjika sufuria kubwa la kupikia watu mia mbili. Likawaponyoka. Kutoka kitini mwake Senkondo alisikia kishindo, kisha mlio mfupi mkavu. Mlio huo aliujua. Alikuwa ameufundisha kwa miaka thelathini na moja.

"Nilikwambia shika upande wa kushoto!"

"Wa kushoto wako au wangu? Tumetazamana hapa!"

Ilikuwa sakafu ya Nakundwa, imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Senkondo aliambiwa, lakini hakwenda kuitazama. Watu walipoondoka na tanga likaanuliwa, alifunga mlango wa nyuma, akaweka ufunguo juu ya kabati, na hakuugusa tena.

Mwezi mmoja baadaye ufa ukatokea kwenye tangi.

Huenda ardhi ilitulia upande mmoja, huenda ni jua. Ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima na upana sawa na unene wa ukucha. Maji yalikuwa yakichuruzika ukutani, mstari mmoja mwembamba. Senkondo alilitazama kwa muda mfupi sana, halafu akafungua koki ya chini na kulimwaga tangi lote. Lilipokauka, alinunua turubai la bluu, akalifunika kutoka juu hadi chini, akalifunga kwa kamba za katani. Mvua isiliguse. Jua lisiliguse. Watoto wasilipande.

Kila asubuhi alipanda kukagua kamba.

Nataka ieleweke kwamba alikumbuka aliyoyasema mkewe. Hakuwa mjinga wala hakusahau. Lakini kulijaza maji tangi lenye ufa maana yake ni kusimama pale na kulitazama likivuja, bila kujua kama litaacha. Mtu aliyetoka kumpoteza mmoja hakuwa na moyo wa kubahatisha na kile kilichobaki. Alilitunza tangi kama mgonjwa aliyekatazwa kuoga, na ndoo zikarudi vichwani mwa akina dada wa wajawazito.

Miezi kumi na moja ikapita.

Ndipo mwenyekiti wa kamati ya maji alipomjia nyumbani. Aliitwa Mchome, na zamani alikuwa mwanafunzi wake. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti."

"Sitaketi, nisije nikasahau nilichotumwa." Alizungusha kofia mikononi. "Ni kuhusu tangi la... lile tangi la juu. Tumepata matangi mawili ya plastiki. Yatakuja kabla ya mvua. Na uwanja wa kuyaweka ni ule ule mmoja, unaujua."

"Naujua."

"Mwalimu, wiki iliyopita mke wa Eliamini mwenye duka amejifungua zahanati na maji yalikuwa robo ndoo. Nesi amemnawisha mtoto kwa kikombe." Alisita. "Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ufa hujaziba, na ukuta hujajenga. Umefunika tu."

Senkondo aliinua macho kwenye saa ya ukutani.

"Lini?"

"Kesho Jumamosi. Baragumu litapigwa, waje na nyundo."

"Waje," Senkondo alisema. "Na mimi nitakuja na ya kwangu. Kama ni kuvunjwa, pigo la kwanza litoke nyumbani."

Mchome alivaa kofia, akaivua tena, akaondoka.

Nyundo kubwa ilikuwa kwenye stoo iliyo nyuma ya nyumba. Saa tisa alasiri Senkondo aliushusha ufunguo kutoka juu ya kabati. Mlango ulikuwa umevimba; aliusukuma kwa bega mara mbili ndipo ukafunguka.

Alimkuta mtu.

Mama Sifueli, jirani yake, alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni mbele yake, mikono imejaa povu. Katika mikono hiyo kulikuwa na shati la Senkondo. Alikuwa akiingia kwa njia ya mgombani tangu siku ya nne ya msiba. Kila Ijumaa Senkondo alikuta mashati yake yamekunjwa kibarazani, na siku zote alidhani yanafuliwa kwa Mama Sifueli.

"Mwalimu! Umenishtua. Nilidhani ukuta umefunguka."

"Unafulia hapa?"

"Nifulie wapi? Kwangu ni tope tupu. Hapa kuna sakafu." Alimtazama. "Kwani umekasirika?"

Hakuwa amekasirika. Alikuwa akitazama chini.

Sakafu ilikuwa imelowa yote, maji ya sabuni yakitiririka kuelekea mgombani. Kutoka ukingo hadi ukingo, mahali alipojua kwamba pamepasuka, palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ufa haukuwapo.

Senkondo alipiga magoti. Akainama hadi paji la uso likakaribia kugusa maji.

"Mwalimu, umeanguka?"

"Hapana. Ule ufa uko wapi?"

"Ufa gani?"

"Wa siku ya matanga. Wa sufuria."

"Aa, huo." Mama Sifueli alilikamua shati bila haraka. "Mwanzoni ulikuwa unanimalizia maji. Nikimwaga, yanazama. Nikimwaga, yanazama. Nikasema sawa, kunywa, mimi nitaongeza. Basi ukawa unakunywa kidogo, kidogo, mpaka ukashiba. Halafu hapo pakaota kitu cheupe. Nikadhani ni gaga la sabuni. Nimelisugua na waya, Mwalimu, nimelisugua hadi waya umekatika. Jiwe!"

Senkondo alipitisha ukucha juu ya mstari ule. Ukucha haukuzama popote.

"Ilichukua muda gani?"

"Nitajua mimi? Mwezi. Mwezi na kitu. Mimi nilikuwa nafua, sikuwa napima." Akacheka. "Nakundwa ndiye angepima. Angenikalia hapa na saa yake na rula, aniambie nihamishe beseni..."

Aliacha ghafla. Mkono wenye povu ulikwenda mdomoni.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nikusamehe nini?"

"Limenitoka tu."

"Kitu gani kimekutoka?"

Mama Sifueli aliutazama mgomba, akalitazama beseni. "Jina. Tulikubaliana tusilitaje mbele yako. Siku ile ya kuanua tanga, ulipoingia ndani kulala, tulikaa hapo uani watu wote. Tukasema mtu huyu ana kidonda kibichi, tusikitoneshe. Atakayemtaja marehemu mbele ya Mwalimu, tutamwona hana utu."

"Kijiji kizima?"

"Hata watoto tuliwaambia."

Senkondo alikaa chini, pale pale kwenye maji, suruali yake ya kazi ikilowa.

"Mama Sifueli," alisema taratibu, "mwaka mzima nimepita njiani, nimekaa kanisani, nimeketi dukani kwa Eliamini. Hakuna hata mmoja aliyemtaja. Nilidhani mmemsahau."

"Tumsahau Nakundwa?" Sauti ya mama yule ilipanda. "Aliyempimia mjukuu wangu maji ya kunywa akanikaripia mbele ya wakwe zangu? Tutamsahau vipi mtu msumbufu namna ile?"

Senkondo alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kimekaa muda mrefu bila kutumika. Mama Sifueli naye akacheka, na kwa muda walikaa hivyo, mmoja kwenye kigoda, mmoja majini, shati likiwa limesahauliwa katikati yao.

Asubuhi baragumu lilipolia, Senkondo alipanda uwanjani. Watu walikuwa wamefika, kila mwanamume na nyundo. Mkononi mwake yeye kulikuwa na kisu tu.

Alikata kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Turubai likaanguka. Tangi likatokea, kavu, limepauka, na ufa wake pale pale ulipokuwa.

"Mchome," alisema, "mvua zitakuja baada ya muda gani?"

"Wiki saba, tukijaliwa."

"Nipeni sita. Fungueni maji ya mfereji yaingie humu leo. Siku ya arobaini na mbili, likiwa bado linavuja, pigo la kwanza ni langu kama nilivyoahidi."

Manung'uniko yakapita. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mwalimu, utalijaza maji tangi lililotoboka?"

"Ndiyo. Nakundwa alisema hivyo."

Watu hawakutazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kwa jina lile kutajwa pale, na aliyelitaja ni mwenye kidonda.

Mchome aliweka nyundo yake chini. "Fungueni maji," akasema.

Kufikia jioni tangi lilijaa, na lilivuja. Senkondo aliweka chupa ya lita moja chini ya ufa, akatazama saa. Ilijaa kwa dakika nne. Aliandika. Kesho yake, dakika nne. Kesho kutwa, dakika nne na nusu, lakini alijua kwamba nusu dakika inaweza kuwa ni macho yake yaliyosoma saa vibaya.

Akawa anakaa pale kila siku, juu ya jiwe, akitazama. Na kwa kuwa njia ya shambani inapita hapo, watu wakawa wanasimama.

Mwanzoni walisimama kwa utani.

"Mwalimu, hao wadudu hawajaamka bado?"

"Wamechoka. Wamelala miaka saba."

"Waambie ni msaragambo. Asiyefika analipa kuku."

Halafu, kwa kuwa mlango umefunguliwa, walianza kusema mengine. Mmoja alimkumbuka Nakundwa akimfukuza mbuzi kwenye mchanga wake uliochekechwa. Mwingine alisema kwamba ni Nakundwa aliyemwandikia barua ya kuomba chuo, akaifuta mara tano. Nesi alisema jambo moja la siri ambalo Nakundwa alilitenda kwa binti mmoja asiye na ndugu, na Senkondo hakuwa amelijua. Baadhi ya maneno yalimchekesha. Mengine yalimfanya ageuze uso kuelekea bondeni. Hakumzuia mtu yeyote.

Siku ya kumi na mbili alifika alfajiri, akakuta maji yanatoka kwa kasi zaidi. Chupa ilijaa kwa dakika tatu. Alipima tena. Tatu. Mkono wake ukaenda kwenye koki ya chini, ile aliyoifungua mwaka uliopita.

Mama Sifueli alikuwa akipita na jembe.

"Unafanya nini?"

"Unapanuka. Nitalipoteza lote."

"Mwalimu, nguo chafu hulowekwa usiku kucha. Wewe unataka uiloweke na uianike saa hiyo hiyo?"

"Hii si nguo."

"Basi si nguo. Nakuuliza tu: mara ya kwanza ulipoogopa ukafungua hiyo koki, ulipona wewe, au lilipona tangi?"

Vidole vyake vilikuwa bado juu ya chuma baridi. Kisha akavitoa, akarudi kwenye jiwe lake.

Mama Sifueli aliacha jembe, akaketi kando yake. Hakusema kitu kingine hadi jua lilipotoka.

Siku ya kumi na tisa chupa ilijaa kwa dakika tisa. Siku ya ishirini na sita, dakika ishirini na mbili, na kwenye ncha ya chini ya ufa kulikuwa na weupe kama unga uliomwagika. Siku ya thelathini na moja weupe ulikuwa umepanda hadi katikati. Siku ya thelathini na tano chupa iliachwa asubuhi, na jioni haikuwa imefika nusu. Siku ya thelathini na tisa ilikuwa kavu. Ukuta tu ulibaki na unyevu, kama paji la uso la mtu aliyetoka kwenye homa.

Siku ya arobaini na mbili kijiji kilipanda na nyundo, kwa kuwa ahadi ni ahadi.

Mchome alikwenda peke yake ukutani. Aliweka kiganja juu ya mahali palipokuwa na ufa, akakipitisha taratibu, juu hadi chini. Akakigeuza, akakiangalia. Akakifuta kwenye shati lake jeupe, na shati halikulowa.

"Kavu," alisema.

Wanawake walipiga vigelegele. Mtu alipiga baragumu bila kuagizwa. Mchome alingoja kelele ziishe, kisha akamwinamia mwalimu wake.

"Mwalimu, yale ya plastiki tutayapeleka shuleni, wanayahitaji. Hili tutalipaka rangi vizuri. Huo mstari usionekane."

"Uacheni uonekane."

"Lakini unaonyesha kwamba lilipasuka."

"Lilipasuka, ndiyo."

Mchome alifikiri. "Lakini wewe ulitufundisha zege halisamehe. Siku ya kwanza kabisa. Niliandika kwenye jalada la daftari."

Senkondo aliutazama mstari ule mweupe. Kwa miezi kumi na moja alikuwa amelinyima tangi kitu kimoja tu lilichokihitaji, na alikuwa amefanya hivyo kwa upendo, kila asubuhi, kwa kamba nzuri. Na lilipokipata, halikumdai chochote.

"La kwangu halisamehe," alisema. "La Nakundwa limenisamehe."

Mbele ya wanaume wote waliomshika bega siku ile ya matanga, machozi yalimtoka, na safari hii hakugeukia bondeni. Mchome alifungua mdomo kusema lile neno ambalo wanaume huambiana. Akalimeza. Badala yake alimshika mkono, akasimama naye, na watu wote wakasimama, hadi machozi yalipokoma yenyewe.

Mchana ule mke wa fundi cherehani alifika zahanati na uchungu wake, dada yake nyuma na ndoo ya maji kichwani. Nesi aliwapokea mlangoni.

"Hiyo ndoo rudisha nyumbani," alimwambia dada. "Maji yapo."

Senkondo sasa anafua mashati yake mwenyewe, pale nyuma ya nyumba, mlango ukiwa wazi. Mama Sifueli anasema anayafua vibaya sana.

Funzo: Ufa uliofunikwa hauzibiki. Usimnyamazie aliyefiwa ukidhani unamtunza. Mtaje mpendwa wake, yaache maji yapite, na ukae kando yake mpaka yakome yenyewe.